Nilimcheka Mama Mkwe Redioni Bila Kumtambua

Mpendwa Shangazi Liz,

Nisaidie, maana wiki hii ikipita bila ushauri wako sijui nitaanza kutafuta nini kwanza, mke au pa kuuweka uso. Usihangaike kulificha jina langu, huku kila mtu ashajua. Mimi ni Cephas wa Oyugis, na kila Jumamosi asubuhi nina kipindi kwenye redio moja ya hapa kwetu, nachambua tamthilia na vichekesho vipya vya televisheni, nasema kizuri ni kipi na takataka ni ipi, na bila kujivuna nakuambia watu kutoka Homa Bay hadi Kegonga huacha kazi zao wanisikilize kwa sababu simwogopi mtu. Ilipotoka ile tamthilia mpya ya Mpaka wa Ntimaru kila mtu aliisifu, mimi peke yangu nikauliza ni Wakuria gani hao wanaozungumza Kiswahili cha Lamu, na ni ng'ombe gani hao wanaoibwa mchana huku boma zima limeketi linakunywa chai, na mzee mmoja, Nchagwa, akapiga simu kutoka Ntimaru kwenyewe akasema, "Huyo kijana aongezewe dakika, anasema ile kitu sisi tunaona."

Sasa kikaja kichekesho kinaitwa Kwa Pamela Hakulaliki, kinarekodiwa Homa Bay mjini, habari za mama mwenye gesti anayegombana na kila mgeni, nikatazama vipindi viwili vya kwanza kwenye simu yangu, nikakiona kimepooza, na huyo mama anayeigiza Pamela, ambaye jina lake la usanii limeandikwa Mama Chemchemi, sikumpenda hata kidogo. Jumamosi nikafungua maikrofoni nikasema, na haya ni maneno yangu mwenyewe, "Huyu mama hajui kuigiza, anatembea kama ana debe la maji kichwani na debe lenyewe halipo, anaita wageni kama anafukuza kuku kwenye mahindi, na mimi ningekuwa mkwe wake ningehamia Tanzania." Simu zilimiminika, watu wakacheka hewani, meneja wangu Levis alicheka mpaka akatoka studio kwenda kupumua.

Shangazi, huyo mama ni mama mkwe wangu.

Najua unajiuliza mtu anakosaje kumjua mama aliyemzaa mke wake, lakini wewe ni wa huku, mambo ya maro, yaani mama mkwe, unayajua. Mkwe wa Kijaluo hamkodolei macho mama wa mke wake, nikifika kwake namsalimia kwa mbali bila kumpa mkono, naketi upande wangu na wanaume, chakula kinaletwa na shemeji, na yeye akipita mimi naangalia chini, kwa hivyo namjua kwa ndara zake za bluu na leso yake na ile sauti ndogo ya kuniuliza watoto wako aje. Ile sauti ya Pamela sijawahi kuisikia maishani mwangu, na kule kwenye televisheni amevaa wigi. Mke wangu Irine aliwahi kuniambia, "Mama amepata kazi huko Homa Bay," nikadhani ni mambo ya kanisa, nikasema Mungu asifiwe nikaendelea na simu yangu.

Ubaya zaidi ni kwamba mama mkwe alijua nitakichambua, akawaita akina mama wa chama chake sebuleni, akaweka redio mezani, akawaambia leo mkwe wangu anatusema, na Irine alikuwepo. Wakasikia wote. Irine anasema mama aliinuka akazima redio yeye mwenyewe, akaendelea kuwamiminia wageni chai, na Jumatatu yake akampigia mtayarishaji akamwambia harudi tena, na wanaanza kurekodi msimu wa pili mwisho wa mwezi huu, na mtayarishaji ashaanza kumtafuta Pamela mwingine. Irine aliporudi nyumbani alisimama mlangoni akaniuliza, "Cephas, mamangu amekukosea nini?" nikamwambia sikujua ni yeye, akasema, "Na kama hangekuwa yeye, hiyo maneno ingekuwa sawa?" akaingia chumbani akapanga nguo, na sasa yuko kwao na watoto.

Shemeji yangu Boaz amenipigia, "Omera, Jumamosi uende kwa redio useme hiyo ndio komedi bora Kenya mzima, usifu mama, ama hii boma usikanyage tena." Levis naye ananiambia nisirudi nyuma, nimchemshe zaidi kwa sababu wasikilizaji wameongezeka. Nikimsifu nitakuwa nimedanganya, na kipindi changu kitakuwa kimekufa, kwa sababu bado naamini kichekesho hicho hakichekeshi. Nikinyamaza sina mke. Na hata nikitaka kuomba msamaha nitauombaje kwa mtu nisiyeruhusiwa hata kumwangalia? Niambie la kufanya, na usinionee huruma.

Cephas, Oyugis

*

Cephas,

Huruma hupati, kwa hivyo keti vizuri.

Sitakuficha kwamba nilianza kwa kucheka. Mwanamume mzima amekula chakula cha nyumba moja miaka yote ya ndoa yake na anachokifahamu ni ndara! Nilicheka mpaka nilipofika pale mama anainuka kuzima redio, hapo nikaacha. Mama wa umri wake amethubutu kuvaa wigi na kusimama mbele ya kamera, akawaita wenzake kwa fahari waje wamsikie mkwe, na mkwe akamfanya kichekesho mbele yao. Tena akawamiminia chai kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi ningeivunja redio. Roho imeniuma kwa ajili yake, na Irine namwelewa kabisa kuondoka. Swali lake ni zuri kuliko barua yako yote na hujalijibu.

Nitakujibia mimi. La, yasingekuwa sawa. Yangekuwa makosa yaleyale kwa mama wa mtu mwingine, isipokuwa wewe ungelala usingizi wako vizuri.

Sasa tuje kwenye hiyo kazi yako unayoisifia. Baada ya kusoma barua yako nilitafuta vipindi hivyo viwili nikavitazama, tena kwenye televisheni, si kwenye simu. Umesema kweli kwamba vimepooza, na hapo sitakupinga. Mwandishi amempa Pamela ugomvi uleule kila mara: mgeni anaingia, anafokewa, anatoka, kisha tunapigiwa kicheko cha kubandikwa hata pale ambapo hakuna aliyetania. Kamera karibu muda wote imesimama uani kama imekatazwa kuingia ndani. Hayo yote hukuyasema hata moja, na ndiyo uliyotakiwa kuyasema. Ulimwona mama mtu mzima ukamrukia yeye kwa sababu ni rahisi na simu zingelia. Kuhusu Mpaka wa Ntimaru ulifanya kazi ya mchambuzi. Jumamosi ya Pamela ulifanya kazi ya mlevi wa sokoni.

Na ule mwendo uliouchekelea? Rudia kipindi cha pili, pale anapoambiwa gesti itauzwa. Pamela anatembea vilevile, kidevu juu, anawapita wageni wote mpaka jikoni, na akifika kule ambako hakuna anayemwona anaketi kwenye ndoo na kuvua viatu. Mimi nilishika mdomo. Yule mama alijua vizuri kwa nini Pamela anatembea hivyo, na nadhani wakati huo wewe ulikuwa unajibu ujumbe wa mtu.

Halafu kuna jambo lililokupita mbele ya macho. Mtu wa nyumbani kwako amebadilisha sauti, amebadilisha mwendo, akawa mtu mwingine kabisa hata wewe hukumtambua, na papo hapo ukawatangazia watu wa kaunti mbili kwamba hajui kuigiza. Cephas, ulitaka akufanyie nini zaidi?

Boaz ana hasira ya mtoto kwa ajili ya mamake na ni haki yake, lakini ushauri wake usiufuate. Ukienda hewani kuimba kwamba hakuna komedi kama hiyo Kenya nzima, kila mtu atajua umetumwa, na mama mkwe wako atajua kabla ya wote. Itakuwa umemcheka mara ya pili. Levis mwambie kwamba kama anamtaka mtu wa kuchemshwa kila Jumamosi, aanze na mamake mwenyewe. Akikufukuza kwa hilo, redio ziko nyingi.

Wewe utafanya hivi. Mtafute jagam wako, yule aliyesimama kati ya kwenu na kwao ulipotaka kuoa. Kazi yake haikuisha siku ya harusi, na ndiye mdomo wako kwa maro. Usimtume peke yake na wewe ukabaki Oyugis ukingoja majibu. Nendeni pamoja, na mbebe sukari, majani ya chai na mkate. Kaa upande wako kama kawaida, angalia chini upendavyo, jagam naye aseme maneno yako. Na waitwe wale akina mama wa chama, wote, kwa sababu walisikia kejeli wakiwa wamejaa sebuleni na msamaha wausikie wakiwa wamejaa vilevile. "Sikujua ni wewe" usimpe ayaseme, hayo ni ya kujitetea. Aseme, "Nilimcheka mwanamke mwili wake na sauti yake badala ya kuichambua kazi, na hilo sikupaswa kumfanyia yeyote."

Irine usimbembeleze kwa simu kabla ya hapo. Akuone umefika.

Jumamosi ufungue kipindi kwa kuwaambia wasikilizaji kwamba Mama Chemchemi ni mama wa mke wako. Watacheka, waache wacheke, safari hii ni zamu yako. Kisha uchambue upya, na kabla ya kuchambua utazame upya, sauti juu, simu chini. Mwandishi mwambie lake, wa kamera mwambie lake, wa vicheko vya kubandikwa usimwachie hata kidogo. Ukifika kwa Pamela, mtazame. Kwenye televisheni hakuna maro, kuna mwenye gesti, na huyo hakuna mila inayokukataza kumkodolea macho mpaka uchoke. Ukiona alipofanya vizuri, sema. Ukiona alipokosea, liseme pia, kwa adabu na kwa mfano, awe na kitu cha kurekebisha atakaporudi kazini.

Nimesema atakaporudi, lakini hilo si langu wala lako kuamua. Anaweza kukusamehe na bado asirudi. Ndiyo sababu nakuhimiza utoke leo. Uchambuzi unaweza kuuandika hata Ijumaa jioni, lakini sasa hivi kuna mama ameketi nyumbani kwake anaamini kwamba hawezi kuigiza, na aliyemfanya aamini hivyo hata hakuwa anamtazama.

Shangazi Liz