Karatasi ya Kopo la Majani ya Chai

Baba yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na alizeti za Iguguno, zimepata mvua? Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanionea. Ningekupigia simu, lakini nakufahamu, ungekata kabla sijamaliza. Barua haikatwi.

Unajua kazi yangu huku ni kupanga majalada ya kale ya serikali ya Kijerumani. Juzi nikafungua jalada la kwetu Iramba, nikakuta nakala ya ile karatasi yako! Ile unayoitoa kwenye kopo la majani ya chai kila tukiwa na sherehe, ukiwaeleza wageni kwamba babu yako, Msengi, aliwakemea Wajerumani mpaka wakampa hati ya heshima. Niliilinganisha na picha niliyoipiga siku naondoka. Namba ileile, muhuri uleule. Niliruka kwa furaha. Nikamwita mama mmoja ninayefanya naye kazi anisomee, maana mwandiko ule unawashinda hata Wajerumani wa leo.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Una hakika huyu ni wa kwenu?"

Baba, nilimwomba arudie kusoma. Karatasi inasema mwenye nayo, Msengi, asichukuliwe ng'ombe, kwa kuwa ndiye aliyewaongoza askari hadi porini, wanakijiji walikoficha mifugo yao. Nyuma yake ipo orodha ya walionyang'anywa. Jina la kwanza ni Mkumbo.

Mkumbo! Yule tuliyeambiwa tangu utotoni kwamba ndiye msaliti aliyewaonyesha askari mifugo. Kwa ajili yake uliwarudisha wajukuu zake na asali yao ya posa walipokuja kumposa mdogo wangu Naomi awe mke wa kijana wao. Ukawaambia, "Ukoo wa wasaliti hauingii kwangu." Naomi analia mpaka leo, hali akashiba. Na sisi karatasi tumeitunza miaka yote hiyo, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuisoma!

Nilijipa moyo kwamba labda ni Msengi mwingine. Lakini jina la baba yake limeandikwa, na kijiji kimeandikwa. Nina hasira, nina aibu, sijui nianze na lipi.

Usiichome. Najua mkono unakuwasha. Hata ukiichoma, nyingine iko huku.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeuza vitunguu pale Mkiwa, na mjomba mwalimu wa kwaya. Naomi sijamwambia kitu. Hilo nakuachia wewe.

Ila kwa kina Mkumbo usimtume mtu, Baba. Nenda mwenyewe, na goti lako hilo, karatasi mkononi. Wasomee tafsiri niliyoiweka humu ndani ya bahasha. Halafu waulize kama bado wanamtaka binti yetu.

Wakitukataa, safari hii watakuwa na haki.

Mwanao, ninayekupenda hata leo,
Rehema