Baba Alivyomfuata Muuza Zabibu

Mama mpenzi, shikamoo.

Leo sokoni Majengo miguu ya Baba iliganda tena katikati ya magunia ya karanga, kama ugonjwa wake wa Parkinson unavyomfanyia. Nilimvuta mkono, wapi! Mama mmoja muuza zabibu akasimama mbele yake: "Shikamoo mzee. Usiangalie miguu yako, niangalie mimi." Akatembea taratibu, akiinua magoti. Baba akamkazia macho, kisha akanyanyua mguu, akamfuata mpaka kwenye meza yake! Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alisema ubongo ukiona mtu anatembea, nao hujiandaa kutembea.

Zabibu ni tamu mno. Baba anasema tukirudi nyumbani uwe unamtangulia wewe, maana kukutazama ukitembea hajawahi kuchoka.

Tunakupenda,
Neema