Futi Kumi kutoka kwa Ukuta wa Danson

Kapsoit, Agosti 1996

Dada Chelangat,

Hatujambo. Mvua ni nyingi, na ng'ombe wa Mama amezaa.

Ile nafasi kati yetu na duka la Danson, tunamjengea mdogo wetu Bethwel nyumba. Mtu wa kaunsili alikataa plani ya nyumba: lazima tuache futi kumi kutoka kwa ukuta wa Danson. Basi tukasogeza vigingi mpaka chini ya kamba ambapo Mama huanika nguo. Fundi alipoinua jembe, Baba akasema, "Hapo usichimbe. Kuna mtoto."

Ni pacha wako, aliyekufa siku mliyozaliwa. Baba alimzika peke yake, na hakuwahi kumwambia Mama ni wapi.

Mama hajalia. Lakini tangu siku hiyo nguo anazianika ndani ya nyumba.

Ndugu yako,
Kipkurui