Kombe Limenitoa Kwenye Foleni

Jumanne, Msambweni. Mawingu tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka, na mimi nimefura kama hamri kikaangoni.

Nimerudi kutoka Mombasa mikono mitupu. Tena.

Kwa aliyefika hapa leo: mimi hupaka maharusi maua ya hina na ya piko nyeusi, kuanzia hapa Msambweni hadi Diani. Kwa muda sasa nina ugonjwa ambao daktari anauita sonona, na mtaani kwetu wanauita "mawazo", kana kwamba nilikaa kitako nikajiwazia mwenyewe. Vidonge nimemeza vya kila rangi. Vingine vilininenepesha, vingine vilinilaza mchana kutwa, na hakuna hata kimoja kilichonirudisha kuwa mtu. Sasa kuna hospitali moja Mombasa wanajaribu dawa mpya, ya kutundikiwa dripu. Si mpya hasa. Ni ile ile wanayowalazia watu kabla ya kupasuliwa, ila kwa kipimo kidogo, kwa wagonjwa kama mimi ambao vidonge havikuwafaa. Daktari wangu wa hapa alipeleka jina langu kabla ya Ramadhani.

Idi zote mbili zimeshapita.

Kwanza kamati ya kuidhinisha ilikuwa haijakaa. Ilipokaa, dawa ikawa imekwama bandarini. Ilipotoka, mashine ya kupimia moyo ikaharibika. Ilipotengenezwa, daktari mkuu akawa amekwenda semina. Na kila mara naambiwa nivute subira, na mtu ambaye ukimtazama tu unajua usiku analala vizuri.

Hii si foleni ya kitambulisho jamani. Ugonjwa huu haukai nami kwenye benchi ukangoja kuitwa. Majuzi nilimpakata bibi harusi mguu, piko nimeshaichanganya, shangazi zake wanaimba, na nikashindwa kuanza ua la kwanza. Mkono ulikuwepo, mimi sikuwepo. Ikabidi nimpigie mwenzangu aje amalizie. Tangu siku hiyo sijashika hina. Na yapo mawazo mengine, yale meusi, ambayo daktari wangu anayajua na dada yangu anayajua, na hapa sitayaandika. Naogopa yatanifikia kabla dawa haijanifikia. Ndiyo hofu yangu yote, nimeisema.

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Kuhojiwa mara ya mwisho, halafu kupangiwa siku ya dripu. Nilivuka Likoni mapema, nimeoga, nimejifukiza udi, nimevaa buibui langu la kutokea. Nilikuwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nesi alikuwa binti wa bara, mpole. Simlaumu. Namlaumu kidogo. Akauliza presha, akauliza sukari, akauliza mimba. Kisha akasema, "Kuna dawa ingine umekunywa hii mwezi? Hata ya kienyeji? Sema tu ukweli, mama."

Nikasema kombe.

Wasomaji wangu wa bara, nisikilizeni. Mama yangu, tangu nianze kuumwa, hupeleka sahani nyeupe kwa maalim wa madrasa ya jirani. Maalim huandika aya kwa wino wa zafarani, mama huziosha kwa maji na marashi kidogo, kisha nakunywa. Hilo ndilo kombe. Huku kwetu tumelinywa tangu utotoni, kwa homa, kwa mitihani, kwa jicho la watu. Mimi nalinywa kwa sababu mama huniletea kwa mikono miwili na hasogei mpaka nimalize.

Ningeweza kunyamaza. Mwenye akili zake angenyamaza. Lakini kulikana kombe, kwangu mimi, ni kama kuikana Kurani iliyomo ndani yake, na hata katika ubovu wangu huu sijafika huko. Kwa hiyo nikaeleza vizuri kabisa: zafarani, marashi, maji. Nilidhani atatabasamu aendelee na swali linalofuata.

Akaandika "mitishamba".

Mitishamba!

Na aliyetumia mitishamba, kwa mujibu wa kanuni, haingizwi mpaka itoke mwilini. Inatoka baada ya wiki kadhaa. Kundi hili linafungwa Ijumaa. Na kundi lijalo? "Tutakupigia." Matapeli wa simu wanaonipongeza kwa kushinda gari hunipigia mara nyingi kuliko hawa.

Kanuni yenyewe naielewa. Mtu akichemsha mizizi asiyoijua, kisha akatundikiwa dawa ya usingizi, anaweza kufa pale pale. Lakini zafarani hiyo hiyo tunaitia kwenye biriani. Nilimuuliza nesi kama lipo swali la biriani. Halikuwepo. Nikaomba kumwona daktari, nikaambiwa daktari huonekana asubuhi tu, nirudi kesho nikitaka, ila hawaniahidi kitu.

Nilifika nyumbani nikiwa nimejaa hadi hapa. Mama akauliza kumekwendaje. Nikamwambia, kwa sauti ambayo hapaswi kuisikia kwa mtoto wake, "Kombe lako limeniharibia."

Aliingia jikoni, na mimi nikabaki barazani nikijichukia, kazi ambayo siku hizi naifanya bila kufundishwa.

Baada ya kitambo akatoka, amejifunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. "Hebu nambie weye uliyesoma. Neno la Mungu latoka mwilini kwa wiki ngapi?"

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nikacheka mpaka nikalia, na kilio kikawa kirefu kuliko kicheko. Mama akakaa kando yangu, akanishika mkono, akangoja.

Kesho tunakwenda wote wawili. Ameshaamua. Atabeba sahani yake, zafarani yake na chupa ya marashi, na atalinywa kombe mbele ya daktari ili amwone kama atadhurika. Nimejaribu kumzuia. Ningekuwa na bahati zaidi kulizuia lori.

Lakini si hilo lililonifanya nikae kuandika. Tangu niugue, mama hajawahi kulitamka neno ugonjwa. Kwake ni jicho, ni uchovu, ni shetani, ni kukaa bila mume. Sasa hivi yuko chumba cha pili anapiga pasi buibui lake, na anajifunza atakachosema. Anarudia rudia, mara kwa upole, mara kwa ukali, anatafuta sauti itakayomwingia daktari:

"Mwanangu ni mgonjwa. Mpeni dawa."

Anakosea, anaanza upya. "Shikamoo daktari. Mwanangu ni mgonjwa."

Mimi kukataliwa nimeshazoea. Lakini huyu, aliyechukua muda wote huu kulifikia neno hilo, wakimkatalia nitamrudishaje nyumbani?