Pointi za Watu Wawili

Jumamosi, 14 Machi 2020

Begi iko mlangoni. Raketi nne, viatu jozi mbili, tisheti za klabu. Ndege ni Jumanne. Jana serikali ilisema mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Nairobi. Kochi Kibiwott akasema tusitishike, tufanye mazoezi kama kawaida. Tukafanya. Nabwile alipiga smeshi moja, kinyoya kikanipita sikioni — akacheka, ati nimezeeka! Nina miaka ishirini na sita. Yeye ana ishirini na tano.

Tuko wa tano Afrika kwa badminton, mchezo wa wawili wawili, wanawake. Tukishinda mechi mbili huko tunakoenda tunapanda mpaka wa tatu, na jozi ya tatu inaalikwa kwenye mashindano ya dunia. Miaka sita ya kuruka kamba Kitale ili tufike hapa. Nimepiga pasi hata soksi.

Jumanne, 17 Machi

Hakuna safari. Mashindano yamefutwa. Kochi ametuma mstari mmoja kwa WhatsApp na picha ya mikono ya maombi. Chumba cha Nabwile hapa Kibomet kinalipwa na klabu, na klabu imesema kila mtu arudi kwao, kwa hivyo ameenda Bokoli asubuhi. Sikumsindikiza hadi steji. Si tutaonana wiki ijayo.

Begi bado iko mlangoni. Mama ameiruka mara tatu, mara ya nne akaisukuma kwa mguu.

Ijumaa, 27 Machi

Kafyu imeanza leo. Ukumbi wa mazoezi una kufuli mpya. Kochi anasema pointi zetu zimegandishwa, hazipandi, hazishuki. Asante basi. Lakini zimeandikwa kwa majina mawili, Arafa na Nabwile. Mmoja akitoka zinakufa zote, na anayebaki anaanza sifuri na mtu mpya. Amerudia hiyo mara mbili kama naongea na mwalimu wa nasari. Najua, bana.

Nimepiga hewa uani nusu saa. Jirani akauliza nafukuza nzi gani.

Jumatano, 8 Aprili

Saa kumi na mbili asubuhi tunapigiana simu. Mimi naita hatua — mbele! kushoto! nyuma! — Nabwile anazikimbia huko Bokoli, kisha tunabadilishana. Babake, Mzee Mukhisa, namsikia nyuma akipinga, ati Nabwile amekanyaga laini. Laini gani, na hapo ni shamba!

Huyu mzee ndiye alitufungia wavu wetu wa kwanza, wa magunia ya vitunguu, tukiwa Form One. Likizo zote nilikuwa nalala kwake. Akiulizwa watoto wake ni wangapi anasema saba na yule Mwislamu.

Jumatatu, 27 Aprili

Ramadhani. Msikiti umefungwa, tunaswali tarawehe sebuleni, mimi na Mama. Nimefunga. Sina njaa. Sina chochote.

Alhamisi, 14 Mei

Hakuna jipya. Tumefuturu ndengu.

Jumapili, 24 Mei

Idi. Mama ametushonea barakoa za kitambaa cha dera. Tukazivaa, tukakaa ndani tukitazamana. Nabwile alipiga kunitakia heri. Anasema babake miguu inavimba. Nikasema atapona. Nilisema tu.

Jumanne, 9 Juni

Mzee Mukhisa amefariki. Si korona, ni moyo. Nabwile alipiga saa nne, akasema "Baba ameenda," akakata. Niliendelea kuosha vyombo. Niliosha hata vilivyokuwa safi.

Anazikwa Ijumaa. Chifu amesema watu kumi na tano, basi. Nikahesabu: mama yao, watoto saba, ndugu za mzee, pasta, wachimba kaburi. Mimi nikawa wa kumi na sita. Kochi naye akapiga, akanikataza waziwazi. Mchezaji akipatikana kwa umati, jina lake linatoka kwenye orodha ya klabu. Mama akasema sisi Waislamu tukizika tumezika, siku tatu za matanga zimeisha, nimpigie simu, inatosha.

Nimetafuta machozi. Hakuna. Nimeona aibu, na niko peke yangu.

Ijumaa, 12 Juni

Sikuenda. Nilituma sauti ya dakika moja kusema pole. Tiki mbili, zikawa bluu.

Jioni picha zikaanza kupita kwa status. Kumi na tano gani! Boma limejaa mpaka ndani ya mahindi. Wengine wamesimama juu ya trekta. Na mstari wa mbele, barakoa iko kidevuni, kofia ameishika kifuani — Kochi Kibiwott.

Nikaangalia tena. Ni yeye. Nimeikuza ile picha mpaka ikawa madoadoa.

Jumanne, 16 Juni

Nimemuuliza Kochi. Ati alienda kwa niaba ya klabu. Ningefaa kukasirika. Nikasema sawa.

Ijumaa, 17 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi. Simu ya Nabwile inalia mpaka inachoka. Wiki ya tano sasa. Nimesikia anauza vitunguu Chwele siku za soko. Ana kazi, najiambia, ndiyo maana hashiki. Nikaita hatua peke yangu, nikazikimbia peke yangu.

Jumanne, 8 Septemba

Michezo isiyo ya kugusana imefunguliwa! Ati sisi wavu unatutenga, tuko salama. Msimu unarudi Oktoba. Kochi anapeleka majina ya jozi Ijumaa tarehe 18, mwisho saa kumi na mbili jioni, na kila mchezaji lazima amthibitishie kwa mdomo wake. Nabwile hamjibu hata yeye. Kochi anataka kunipa Chepkemei, miaka kumi na tisa, magoti mapya. Ni mzuri. Lakini sifuri ni sifuri. Nitafika thelathini nikitafuta kurudi hapa nilipo, na mashindano ya dunia nitayaona kwa simu.

Nimesema nitamleta Nabwile.

Jumatano, 16 Septemba

Nimetoka Bokoli. Niandike haraka kabla sijajidanganya.

Nilishuka Webuye nikachukua bodaboda. Nilikuwa na begi, ndani raketi mbili za Nabwile, nimezitia nyuzi mpya. Uani mahindi yameanikwa kila mahali. Mama Nabwile na shangazi wawili walikuwa wanapukuchua. Nikaingia, nikasema hamjambo, nikavuta kigoda, nikakaa. Hakuna aliyejibu. Punje tu zikianguka kwa beseni. Nabwile akatoka jikoni. Hakuniangalia mimi, aliangalia begi.

"Umekuja kucheza?"

Nikasema orodha inafungwa Ijumaa. Hilo ndilo neno la kwanza nimemwambia uso kwa uso tangu babake afe. Shangazi mmoja akainuka, akaibeba begi kwa vidole viwili, akaiweka nje ya lango. Nikaifuata.

Yule wa bodaboda, anaitwa Levi, alikuwa ananingoja. Akauliza, dada, kwa kaburi ulifika? Nikasema hapana. Akazima pikipiki kabisa. Ati kwao mtu aliyekosa mazishi hasalimii, hakai. Anapitia kaburini kwanza, analia, ndipo anakaribishwa nyumbani. Hata yeye si wa ukoo na alienda. "Si wewe ndio ule Mwislamu wa mzee?"

Miaka kumi na miwili nimekula kwa boma hilo na sikujua. Nilikuwa sijawahi kufiwa hapo.

Ijumaa, 18 Septemba

Niko Bokoli tena. Naandikia gotini.

Nimekuja bila begi. Langoni, moja kwa moja mpaka kaburini, nyuma ya nyumba. Udongo bado umeinuka, kunde zimeanza kuutambaa. Nikatoa salamu kama tunavyotoa makaburini kwetu. Halafu nikasimama ningoje kulia. Wapi! Nyuma yangu kupukuchua kumenyamaza, najua wananitazama. Nikajifinya mkono. Wapi.

Mama Nabwile akaja polepole. "Umecherewa, Arafa."

Nikasema ndiyo, Mama, nimechelewa.

"Basi ria."

Nikamwambia ukweli. Mama, siwezi. Tangu Machi sisikii kitu ndani, ni kukavu. Nilidhani atanifukuza. Akanishika kiwiko, akalia yeye, sauti ndefu, kama ndiyo siku yenyewe ya kuzika, na shangazi wakaitikia kule kwa mahindi. Amenililia. Mtu hajawahi kunifanyia kitu kama hicho.

Nabwile akaja akasimama upande wa pili wa kaburi, mikono inanuka vitunguu. Akasema, "Sasa mwambie kwa nini hukuja."

Nikaanza. Mzee, mimi...

"Sauti! Unajua masikio yake ni mazito."

Nikapaza. Mzee, niliogopa! Nilijihesabu wa kumi na sita! Kochi alisema nikija jina langu linatolewa, nikachagua jina langu! Halafu nikamwona yeye kwa picha, mstari wa mbele! Mbwa akaanza kubweka. Shangazi mmoja akasema, uwi.

Nabwile akaniangalia vile huwa ananiangalia kinyoya kikianguka juu ya laini, ndani ama nje.

"Alikukataza?"

Nikasema ndiyo.

"Alituambia hapa, mbele ya watu, ati alikuomba mje pamoja ukakataa. Ati unaogopa kuambukizwa na watu wa Bokoli."

Kumbe ndiyo maana hakuwa anashika simu. Miezi mitatu!

Simu yangu ikalia. Saa kumi na mbili kasoro ishirini, na jina la Kochi. Sikushika. Nikamwambia Nabwile, Chepkemei simtaki. Nataka wewe. Ukikataa, nitakaa tu hivi, pointi zife. Na nimekukosa, si kwa mchezo peke yake. Hapo ndipo niliona matone kwa kifua cha buibui, nikadhani ni mvua. Hakuna mvua. Ni mimi.

Simu ikalia tena, Nabwile akainyakua mkononi mwangu, akaenda nayo mpaka kwa ghala, amenipa mgongo. Mama Nabwile ameniletea kiti, na chai. Ninaandika inapoa. Kochi lazima asikie ndiyo ama hapana kwa mdomo wa Nabwile kabla ya saa kumi na mbili, na sijui ni gani. Habari ya jozi hajaigusa. Alipopokea aliuliza swali moja tu, tumelisikia wote: "Kochi, ulimkataza?"

Tangu hapo simu iko sikioni, anachora udongo kwa kidole cha mguu. Imebaki dakika mbili. Kochi bado anaeleza.