Buchoni ya Sumaku

Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Kifua kimebana, lakini mkono bado unashika kalamu.

Ilunga amekuja tena, wiki ya nne sasa. Ameleta sombe, majani ya muhogo ya kupikwa, akaketi karibu na kitanda, akanitazama nikila.

Simwamini. Nani humpikia mtu aliyemponza?

Niandike kabla pumzi haijakatika. Nilikuwa mkuu wa karakana hapa Kindu, Ilunga fundi wangu. Lililetwa lori la mkubwa mmoja wa Chama, libadilishwe mafuta ya moteri. Buchoni ya chini, ile inayoziba tundu la kumwagia mafuta, ilikuwa na sumaku kwenye ncha, inase chuma kinacholika ndani ya moteri. Ilunga aliifungua, akaiweka mezani. Niliporudi kutoka ofisini nikaikuta imejaa chembe kali, zinazong'aa.

Chuma kilicholika ndani ya moteri huwa laini kama tope jeusi. Hizi zilikuwa chembe za tupa. Nikasema mtu amezitia makusudi. Nikawaandikia watu wa Chama jina la Ilunga, kwa kuwa ni mtu wa Kasai, mgeni hapa kwetu, na kwa kuwa alinishinda ufundi.

Walimchukua siku ile ile. Alirudi baada ya miezi saba, goti moja halikunjiki.

Lakini mimi, kesho yake tu baada ya yeye kuchukuliwa, niliisafisha buchoni nikaiweka mezani pale pale, karibu na jiliwa la kubania vyuma, tunapopigia tupa. Nilipoiinua ilikuwa imeota ndevu. Ilikuwa imeokota unga wa chuma wa meza yetu wenyewe.

Nilijua. Nikanyamaza.

Leo, akikusanya sahani, Ilunga ameniuliza: "Chefu, ile buchoni ya sumaku, uliitupaka?"

"Unaiulizia nini leo?"

"Bure tu." Akacheka. "Sumaku haina macho, Chefu. Inakamata tu chenye iko karibu."

Anajua? Tangu lini? Na sombe ile ilikuwa chungu, au ni ulimi wangu? Nimelala mchana kutwa nikilisikiliza tumbo, nikingoja sumu.

Tumbo limetulia.

Wa kushukiwa humu ndani ni mmoja, na ndiye anayeandika.

Buchoni iko chini ya mto wangu, ndani ya kitambaa. Ilunga amesema atarudi Alhamisi na samaki. Nitaiweka mkononi mwake kabla sijaonja.