Hata Makumbi Hurudi

Mombasa, 3 Machi 1937

Bibi Pelagia, shikamoo. Mimi na Baba Mdogo Kashindye hatujambo, hofu ni kwako na miguu yako.

Unauliza kazi yetu. Tunaopoa takataka bandarini kwa mashua. Bahari hujaa na kupwa, na kisiwa cha mji kimesimama katikati ya njia yake. Maji yakijaa hugonga rasi, yakapinda, na nyuma yake yakazunguka kama mtama kwenye ungo. Makumbi ya nazi, mapipa, mbwa waliokufa, vyote hukwama hapo kwenye mikoko. Baba Mdogo husema bahari haina tumbo, ina mkono tu.

Mumeo mdogo, Limbu

Mombasa, 2 Aprili

Bibi, shikamoo. Sijui nianzeje. Juzi asubuhi, maji yakijaa, Baba Mdogo aliteleza mashuani, akazama. Msimamizi alitutafutisha upande wa bahari kuu hadi jioni, kisha akasema imemchukua, turudi kazini. Pole, Bibi. Zikeni nguo zake.

Mjukuu wako, Limbu

Kwihara, 14 Aprili

Limbu,

Hali yangu usiulize. Leo sikuiti mume. Anayeandika ni katekista Ambrosi, na nimemkataza kulainisha neno.

Nizike nguo? Kwani nilizaa nguo? Wazee wa ukoo walikuja na majembe, nikawatimua na mwiko.

Wewe mwenyewe uliniambia maji yakijaa hupinda rasi, yakarudisha kila kitu mikokoni. Hata mbwa! Maji yalikuwa yanajaa, nanyi mkamtafuta bahari kuu. Eti msimamizi kasema. Yeye ndiye anayeopoa? Nimepepeta mtama tangu sijaota matiti; najua makapi huangukia wapi. Makumbi yarudi, mwanangu asirudi? Nenda mikokoni!

Bibi yako

Mombasa, 27 Aprili

Bibi, shikamoo. Nilikwenda bila ruhusa, nikafukuzwa kazi. Siku ya pili nilimkuta kwenye mizizi, kafunikwa na makumbi. Nilimjua kwa bangili ya shaba uliyomvisha; ninayo. Tumemzika misheni. Njia ya maji niliijua, Bibi. Niliogopa sauti ya msimamizi. Nisamehe.

Limbu

Kwihara, 9 Mei

Limbu mume wangu, marahaba.

Karibu mwezi mzima mwanangu alilala na mizoga, nawe ulijua! Hasira hii haiishi kwa barua. Panda treni, nikutukane uso kwa uso. Njoo na bangili, na udongo wa kaburi kwenye kitambaa safi.

Ambrosi anataka niseme nimekusamehe. Nimemwambia aandike hivi: kila siku nasonga ugali wa watu wawili, na wako unapoa.

Mkeo, Bibi